Kikwembe cha Mtu Aliye Hai

Mara ya kwanza nilipomwona mgombea ugavana, alikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Dada yake aliitoa picha hiyo ndani ya kitabu cha Zaburi, picha ya pasipoti yenye rangi, akaiweka juu ya fomu zangu za mizigo na kuilainisha taratibu kwa kidole, kana kwamba anampangusa mtoto uso.

"Huyu ni kaka yangu mukubwa," alisema. "Anatafuta kuwa gouverneur. Nataka sura yake iwe hivi." Akapanua mikono mbele ya kifua.

Ofisini tulimwita Mama tu. Alikuwa mfanyabiashara kutoka kusini mwa Kongo, na kila baada ya miezi michache alikuja Guangzhou kununua vigae, mabomba na vitambaa. Mimi nilikuwa na miezi kumi katika mji huo. Nilikuwa na shahada ya biashara kutoka Nairobi, mwaka mmoja wa kozi ya Kichina huko huko, na kazi ya kuandika fomu na kutafsiri kwa wakala wa mizigo, Mkenya mwenzangu, katika chumba kisicho na dirisha ndani ya jengo la Tianxiu Dasha, mtaani Xiaobei. Bosi aliniita Msomi. Hakuwa akinisifu.

Mama alinieleza mambo ya kwao polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwao, wananchi hawapigi kura ya gavana. Wanaopiga ni wabunge wa jimbo. Lakini kabla ya hapo, kila chama huwaita wajumbe wake ukumbini kumteua mtu mmoja wa kusimama, na ndani ya chama chao ndugu yake alikuwa na wapinzani wawili. Wajumbe wangekaa ndani. Nje, uani, wangesimama akina mama wa mji wamevaa uso wake uliochapishwa kwenye kitambaa, ili kila mjumbe anayeingia apite katikati ya uso huo. Kazi ya kuleta kitambaa, kikwembe kama wanavyokiita wao, familia ilimkabidhi Mama, kwa kuwa ndiye aliyezijua njia za Uchina.

"Nikichelewa," alisema, "atasimama pale kama mutu hana ndugu."

Kisha akanipa karatasi yenye maneno ya kuandikwa chini ya picha. Aliyaandika kwa herufi kubwa: TANGULIA BABA TUNAKUFUATA.

Nikayasoma, nikayarudia.

Nimelelewa Mombasa. Babu yangu alipofariki nilikuwa na miaka minane. Wanaume walipoliinua jeneza kutoka sebuleni, bibi yangu hakulia. Alisogea hadi mlangoni, akashika ukingo wa lile shuka la kijani lililofunika jeneza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumwambia mtu akanunue mkate, "Tangulia. Nasi tunakufuata." Tangu siku hiyo sijaweza kulisikia neno hilo bila kuona miguu ya wanaume ikitoka mlangoni kwa hatua fupi fupi.

Nilitaka kumwambia Mama. Nikaanza kupima. Labda kwao neno hilo halina kaburi ndani yake. Labda ni mimi tu, na bibi yangu tu. Nikimwambia na kumbe si kitu, nitakuwa nimemtilia mkosi kwa kinywa changu. Nisipomwambia na kumbe ni kitu, nitakuwa nimemtilia mkosi kwa kunyamaza. Nilipofika hapo nikauliza kwa kuzunguka.

"Mama, hakuna maneno mengine?"

"Haya ni ya wimbo ya bamama. Bameimba miezi mbili sasa. Unataka niende nibadilishe kinywa cha bamama bote?"

"Hapana. Nilifikiri tu..."

"Msomi," bosi akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye simu yake, "mteja akikuambia andika, unaandika. Ukianza kufikiria, ndege itaondoka na wewe bado uko kwa alama ya mkato."

Mama akacheka. Nami nikacheka, na jambo likaishia hapo.

Ilikuwa majira ya baridi, wiki chache kabla ya mwaka mpya wao. Mwaka mpya wa Kichina hufunga kila kitu. Viwanda huzimwa, wafanyakazi hurudi mikoani kwao kwa treni, na asiyepata bidhaa yake kabla ya hapo hana wa kumlalamikia. Tulikwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, kwa mama mmoja wa makamo ambaye Mama alikuwa amewahi kununua kwake. Duka lilikuwa mbele na ofisi ya michoro nyuma yake. Kiwanda chenyewe kilikuwa nje ya mji. Mwenye duka alitwambia kazi yetu itakuwa ya mwisho kuingia kwenye mashine. Mama akalipia, akasisitiza mambo mawili tu, uso uwe mkubwa na maneno yasomeke kwa mbali. Mapambo mengine akamwachia mchoraji. Halafu akapanda gari kwenda Foshan kuangalia vigae, akaniacha nimalizie.

Mchoraji alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mwenye mikono mirefu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliiweka picha ya mgombea chini ya taa. Akaniuliza maneno yale yanasema nini, kwani alitaka maua yalingane na maana.

Nimeurudia wakati huo kichwani mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Kitabu changu cha kozi kilikuwa na neno la kutangulia foleni, neno la kutangulia kazini, na neno la kutangulia katika mbio. Sikukumbuka hata moja. Nikayatafuta yale mepesi niliyokuwa nayo. Nikasema: xian zou le. Nilikusudia kusema, yeye ametangulia kwenda. Nikaongeza kwamba sisi wote tunamfuata nyuma.

Aliweka penseli chini.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hamsini na tano."

"Bado kijana."

"Ndiyo," nikajibu kwa fahari kidogo, maana nilijua magavana wengi ni wazee. "Lakini watu wengi wanamfuata."

Mchoraji akaniuliza, yule mama niliyekuja naye ni nani wake. Nikamwambia ni dada yake. Akatikisa kichwa, akaichukua picha kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya bahasha safi.

Siku mbili baadaye nilirudi kukagua sampuli. Ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe. Uso ulikuwa ndani ya fremu nyeusi, na kuizunguka fremu kulikuwa na maua makubwa yenye petali nyingi nyembamba. Nilifikiri printa yao haina wino wa rangi. Nililifikiria hilo na kuliamini papo hapo, mimi ambaye huwa siamini hata mlango nilioufunga mwenyewe. Nikakagua herufi za Kiswahili moja moja, nikahakikisha hakuna iliyoruka, nikatia saini.

Siku ya kuchukua mzigo nilikwenda na Mama. Soko lilikuwa limeanza kuisha. Maduka mengi yalikuwa yameshusha vyuma vyao, na kwenye njia ambazo kwa kawaida hupiti bila kusukumwa na mkokoteni, niliweza kusikia viatu vyetu. Dukani mwa yule mama wafanyakazi sita walisimama kando ya ukuta wakiwa na mabegi yao ya safari. Tulipoingia mmoja wao alizima redio.

Majora yalikuwa yamepangwa sakafuni juu ya kadibodi mpya. Mwenye duka alikunjua moja juu ya meza ndefu.

Kitambaa kilikuwa cheusi na cheupe.

Kaka yake Mama alitutazama mara nne, mara nane, mara kumi na sita, kila mahali jora lilipofunguka. Uso ulikuwa wa kijivu, safi mno. Mchoraji alikuwa ameondoa kovu dogo la kwenye nyusi na mikunjo ya shingo. Hakuwa kijana wala mzee. Alikuwa na ule utulivu ambao mtu aliye hai hawezi kuushikilia hata mbele ya mpiga picha. Chini yake, TANGULIA BABA TUNAKUFUATA.

"Mbona haina rangi?" Mama aliuliza.

"Nafikiri ndiyo mtindo," nikasema.

Aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Iko na baridi kidogo," alisema. "Lakini ni yeye. Macho ni yake."

Nilikuwa nimezoea soko hilo, kelele zake, watu wanaorusha majora begani na kuyakanyaga wakipita. Siku hiyo wafanyakazi waliyazunguka. Jora moja lilipobingirika na uso ukalala chini, kijana wa kufunga mizigo aliinama haraka, akaligeuza liangalie juu, akafuta vumbi kwa mkono. Mama aliyaona yote hayo, akaninong'oneza, "Unaona? Banajua kuheshimu mukubwa. Kwetu bangekanyaga."

Juu ya jora la mbele mtu alikuwa ameweka chungwa dogo, limekaa katikati kabisa, chini ya kidevu cha picha. Mama alikuwa hajala tangu asubuhi. Akalichukua, akamshukuru mwenye duka kwa kichwa, akaanza kulimenya.

Nikawaona wale sita wakitazama vidole vyake. Mmoja alifumba macho. Mama akala kipande kimoja kimoja mpaka likaisha, akayafunga maganda kwenye leso yake.

Hapo mwenye duka alimjia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mawili. Niliyajua. Yalikuwa katika sura ya mwisho ya kitabu changu, sura ya salamu za sherehe. Kwanza harusi, kisha uzazi, kisha ukurasa ambao mwalimu wetu aliupita haraka na kusema hatutauhitaji sana. Maana yake ni: punguza huzuni.

Ni maneno ya kumwambia mfiwa.

Yote yalinirudia kwa mpangilio, penseli iliyowekwa chini, miaka hamsini na tano, bado kijana, bahasha safi, fremu nyeusi na maua ya msibani, chungwa walilomwekea marehemu. Xian zou le. Hata katika Kichina, kutangulia kuondoka ni kufa. Nilimwambia mchoraji kwamba mtu huyu amekufa, na kwamba sisi wote tuko njiani nyuma yake. Naye akanifanyia kazi nzuri.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

Nje lori lilikuwa linasubiri, na Mama alikuwa na tiketi ya ndege ya siku hiyo hiyo. Mashine za kiwanda, mwenye duka alikuwa ameshatwambia, zilikuwa zimefunikwa plastiki. Nilijua pia kwamba mkutano wa chama ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilihesabu kila njia, na kila njia ilifika kwa Mama amesimama uani mikono mitupu. Ningeweza kumpa nafasi ya kuamua mwenyewe. Sikumpa.

"Anasema kaka yako ana sura ya mtu mkubwa," nikasema.

Mama akatabasamu, akamkumbatia mwenye duka. Yule mama alishtuka, kisha machozi yakamlenga, akampigapiga mgongoni. Walisimama hivyo, mmoja akishukuru na mwingine akifariji, nami katikati yao nikitazama sakafu.

Mama akaondoka na marobota yake. Mji ukaondoka pia. Kila siku Xiaobei ilipungua. Kwanza walikwenda wauza matunda, kisha mafundi wa viatu, kisha walinzi wa jengo letu, isipokuwa mmoja. Lifti ilisimama kwenye kila ghorofa na kufungua milango kwa watu ambao hawakuwapo. Hewa ilikuwa nyeupe na yenye maji, na majengo ng'ambo ya barabara ya juu yalionekana nusu tu.

Ofisini tulikuwa na desturi ya kuweka kipande cha kila kitambaa tulichosafirisha, ili mteja akirudi akisema nataka kile kile, tukitoe. Bosi alikibandika kipande cha Mama ukutani, mkabala na meza yangu, uso mzima.

"Tumpe mheshimiwa nafasi," alisema. "Akishinda, tuko na gavana kwa ofisi."

Nilifanya kazi chini ya macho yale kwa siku mbili. Siku ya tatu nikakigeuza, uso ukaelekea ukutani. Kesho yake nilikikuta kinanitazama tena. Nikakigeuza. Kesho yake tena, kinanitazama. Sikuuliza. Nilijiambia ni bosi, na nilijiambia kwamba nikimuuliza bosi na akasema si yeye, sitaweza kukaa katika chumba kile. Ilinichukua karibu wiki nzima kuthubutu.

"Ni mimi," bosi akasema. "Nilidhani ni gundi inaachia. Kwani wewe shida yako na mheshimiwa ni gani?"

"Hakuna."

"Msomi, uko sawa? Unakula?"

Nilikula, lakini simu ndiyo iliyonisumbua. Kila ilipolia nilihesabu milio mitatu kabla ya kuipokea, nikijiandaa kusikia kwamba mtu amekufa Kongo kwa sababu nilikosea neno Guangzhou. Nilijua hilo haliwezekani. Nilisomea takwimu chuoni. Najua mambo mawili yakitokea pamoja haimaanishi moja limezaa jingine. Nilijikumbusha hilo kila asubuhi, na kila asubuhi niliangalia kwanza kama uso ule ukutani umebadilika.

Jumamosi ya mkutano ilipita. Jumatatu nilishuka kwenye mgahawa wa Wakongo uliokuwa bado wazi, nikaketi karibu na meza ya wafanyabiashara wa kwao Mama. Niliwauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Chama kilimuchukua," mmoja alisema. "Alibapita bote babili. Banasema bamama balijaa pale kama mvua."

Nilipumua. Nikaagiza sahani ya pili ya wali. Siku hizo nililala vizuri, na kipande kile ukutani kikawa kitambaa tu.

Kisha habari nyingine ikaja kupitia meza ile ile. Kaka yake Mama amejitoa. Kura ya wabunge bado, na yeye amejitoa mwenyewe, bila kusukumwa. Hakuna aliyejua sababu. Mmoja alisema amenunuliwa. Mwingine alisema ni mgonjwa. Wa tatu, akichokoa meno, alisema alisikia hata hayupo tena, lakini labda ni mambo ya siasa. Nilimtazama mdomo wake kwa muda mrefu hata baada ya yeye kunyamaza.

Mama alirudi maduka yalipofunguliwa. Aliingia ofisini akiwa amevaa gauni la kawaida na kitambaa cheusi kichwani, na mimi nikasimama, kisha nikaketi, kisha nikasimama tena.

"Kaa, mutoto," alisema. "Hajakufa."

Bosi alikuwa ametoka. Mama akavuta kiti, akanisimulia huku akitazama mikono yake.

Baada ya wajumbe kumteua ndugu yake, akina mama walifurahi mno, wakasema twende tukampe habari mama mzazi. Mama yao ni mzee sana na anaishi peke yake pembezoni mwa mji, na macho yake huona vitu vikubwa tu. Wakaenda kwa miguu, mamia, wote wamevaa kikwembe kile, wakiimba tangulia baba, tunakufuata. Bibi kizee alikuwa ameketi mlangoni. Aliona barabara nzima inamjia ikiwa nyeusi na nyeupe, na juu ya kila tumbo na kila mgongo kuna mtoto wake.

"Kwetu mutu akikufa, famille inachapisha sura yake kwa kikwembe," Mama alisema. "Rangi yoyote, lakini inachapisha. Alivaa hivyo siku ya kumuzika baba. Sasa anaona hii. Anasikia ule wimbo. Akavua kilemba, akakaa chini."

Walimwita mwanawe haraka. Akaja, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Bibi kizee alimpapasa uso wote, mashavu, pua, lile kovu la kwenye nyusi, akasema, "Sura ni yake. Lakini wewe si yeye. Yeye amepita hapa na watu wake." Hakukubali chakula kutoka kwa mkono wake. Siku tatu, siku nne, alimwomboleza mtu aliyeketi mbele yake akimwita mama.

"Daktari alisema ni uzee. Padri alisema tuombe. Kaka yangu alikuwa anatakiwa kwa babunge, kula nao, kuongea nao. Hakuenda. Alisema siwezi kwenda kutafuta jimbo na mama yangu ananizika. Akaandika barua ya kujitoa." Akageuza viganja. "Sasa mama anakula, kidogo. Anakubali kulishwa na yeye. Lakini anamuita mugeni. Kila asubuhi anamwambia, asante, mugeni."

Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo alilolijia. Kwenye familia sasa wanasema yeye ndiye aliyeleta kifo ndani ya robota. Ndugu zake wadogo hawakumsindikiza uwanja wa ndege.

Nilijua kwamba nikinyamaza tena nitanyamaza maisha yangu yote. Nikamwambia. Nilianza na bibi yangu na lile shuka la kijani, nikaja kwa mchoraji, nikamweleza maneno niliyotumia na maana yake, kisha sampuli niliyoitia saini, kisha maneno mawili ya mwenye duka na jinsi nilivyoyageuza. Sikujitetea. Nilikuwa nimeandaa utetezi mwingi sana wiki zile, lakini ulipofika wakati wake haukuwa na mahali pa kukaa.

Lifti ilisikika ikifunguka na kujifunga.

"Ulijua siku gani?" aliuliza hatimaye.

"Neno, siku ya kwanza. Mengine, pale dukani."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Lile chungwa," alisema taratibu. "Lilikuwa lake."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikula chakula ya kaka yangu mbele ya batu." Alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono, kama vile maji ya chungwa bado yapo. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Badala yake akainuka, akakibandua kile kipande ukutani, akakikunja mara nne, uso ndani. "Simama. Tunaenda kwa huyo mutu wa penseli."

Zhongda ilikuwa imejaa tena, mikokoteni, matusi, watu wakikanyaga majora. Mwenye duka alipomwona Mama alishusha sauti papo hapo. Nikamwomba atuite mchoraji. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi njiani na kuyakagua katika kamusi mara tatu. Nikayasoma. Nilikosea. Mtu huyu hajafa. Niliposema vile nilikusudia kwamba yeye yuko mbele katika uchaguzi.

Mchoraji alivua miwani. Akamtazama Mama, kisha mwenye duka, ambaye alikuwa ameziba mdomo. Uso wa mchoraji ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Akamwinamia Mama, chini sana, na hakuinuka mpaka Mama alipomgusa bega.

"Mwambie simulaumu," Mama alisema. "Mwambie nataka kimoja tu. Kipande kimoja, sura ya kaka yangu, ya rangi. Kovu arudishe. Mikunjo arudishe. Bila maneno. Nitakitandika kwa kitanda ya mama. Mwambie neno kwa neno, usiweke lako."

Nikamwambia neno kwa neno.

Mchoraji akasikiliza mpaka mwisho, lakini hakushika penseli. Aliniuliza swali, na alipoona nimesita akaliuliza tena polepole, akitenganisha kila sauti. Je, una hakika yuko hai leo?

Nikamtafsiria Mama. Nilidhani atakasirika. Alitoa simu yake, akabonyeza namba ndefu, akaiwasha sauti ya nje na kuiweka juu ya meza ndefu ya kukunjulia vitambaa. Iliita kwa mbali, ikakatika, ikaita tena. Nilihesabu milio mitatu, minne, mitano. Mwenye duka alimnyamazisha mteja kwa mkono.

"Allô?" mwanamume alisema. Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyoifikiria, na yenye mafua. Nyuma yake kuku walilia na kijiko kiligonga sufuria.

"Ni miye," Mama alisema. "Uko wapi?"

"Nyumbani. Napika uji. Mama amelala. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Leo umevaa shati gani?"

"Shati?" Akakohoa. "Weye, umepiga simu kutoka Chine kuniuliza shati?"

"Jibu tu."

"Ya kijani. Ile ya zamani. Iko na majivu." Akakohoa tena, kikohozi kirefu, cha mtu aliyeinama juu ya moshi.

Mchoraji hakuelewa hata neno moja. Alikuwa ameinamisha sikio karibu kabisa na simu, na alikaa hivyo mpaka kikohozi kikaisha. Kisha akavuta karatasi nyeupe, akaifungua ile bahasha ya picha ya pasipoti, akaniangalia akisubiri.

"Shati la kijani," nilimwambia kwa Kichina. Nikarudia. Halafu, kwa kuwa sikujiamini, nikaenda dirishani palipokuwa na mche kwenye kopo, nikashika jani lake moja na kumwonyesha.